Hasira za saa tisa huanzia kwenye chai ya asubuhi

Saa tisa alasiri macho mazito, ukiulizwa jambo dogo unafoka, jioni unafika nyumbani umenuna. Kabla ya kumlaumu bosi, kumbuka ulichokula. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake.

Chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili kwa sehemu kubwa ni wanga. Sukari hupanda haraka kwenye damu kisha hushuka, na kufika saa nne au saa tano wengine hutetemeka, njaa inauma, subira imekwisha. Usiache maandazi ghafla, hutadumu. Bakiza moja, ongeza yai la kuchemsha au kikombe cha maharage. Sukari ipunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Mchana, nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo dagaa, samaki au maharage. Kwa mama lishe mambo huwa kinyume: mlima wa wali, mchicha wa kupambia. Mwombe apunguze wali, aongeze mboga. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama tisa, basi kunywa maji.

Kosa linalosahaulika ni kunywa chai mara tu baada ya chakula. Huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mchicha, na upungufu wake huleta uchovu na kukosa umakini, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito. Subiri saa nzima, na mbogani kamulia ndimu. Kahawa iishie saa nane mchana: baada ya muda wa saa tano hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini, na usingizi mbovu huharibu kesho yote.

Huzuni ikizidi wiki mbili, au ukifikiria kujidhuru, maharage si dawa. Nenda kituo cha afya mapema.

Anayerudi amechoka hula kilicho karibu, kwa hiyo pika Jumapili. Loweka nusu kilo ya maharage usiku kucha, mwaga maji yake, weka mapya, yatokote kwa nguvu dakika 10 ndipo upunguze moto hadi yaive. Yakipoa, gawa kwenye vyombo vidogo: ya siku tatu kwenye friji, yaliyobaki kwenye friza.