Mpira wa kurusha: namna ya kuwafundisha watoto wasiupoteze

Tazama mechi yoyote ya watoto wa chini ya miaka 13 kwenye kiwanja cha shule. Mpira ukitoka nje, aliye karibu anaukimbilia na kuuokota. Wenzake watatu wanne wanasogea hadi mita tatu mbele yake, wananyoosha mikono na kuita "Nipe! Nipe!", kila mmoja akiwa na mtu mgongoni. Anarusha, unanyang'anywa. Kocha anapaza sauti: "Rusha mbali!" Mtoto mwingine anarusha mbali, unanyang'anywa mbali.

Makocha wengi tukikumbuka kufundisha jambo hili tunafundisha mikono. Mikono ni kazi ya siku moja. Mpira wa kurusha ni pasi, na pasi inahitaji mtu wa kuipokea akiwa huru, kwa hiyo muda wako mwingi uende kwa wanaopokea. Hatua za mwanzo nitazipita upesi, ile ya tano tutakaa nayo.

Mahitaji ni machache: mipira (namba 4 kwa miaka 8 hadi 12, namba 5 kuanzia 13), koni sita au chupa za maji zilizojazwa mchanga, na mstari unaoonekana. Chokaa ikikosekana chora kwa jembe. Bila mstari zoezi zima halina maana.

Hatua ya 1: Sheria, mkiwa mmesimama mstarini

Usiwakalishe chini ya mwembe uwasomee. Wapeleke mstarini na uwaonyeshe. Sheria ya 15 ya soka inamtaka mrushaji afanye haya wakati anauachia mpira: asimame akiutazama uwanja, kila mguu uwe na sehemu inayogusa mstari wa pembeni au ardhi iliyo nje yake, mpira urushwe kwa mikono miwili, utoke nyuma ya kichwa na kupita juu yake, na arushie pale mpira ulipotokea.

Akikosea hayo, mpira wanapewa wapinzani. Lakini mpira ukidunda nje kabla haujaingia uwanjani, timu ileile inarudia palepale. Watoto hawalijui hili, na utawaona wanakata tamaa na kuuacha mpira mahali ambapo bado ni wao.

Kuna mengine matatu ya kuwakaririsha. Mpinzani anatakiwa awe umbali wa angalau mita 2, kwa hiyo mtoto asitishwe na anayemrukia usoni, amwangalie tu refa. Mrushaji haruhusiwi kuugusa tena mpira kabla haujaguswa na mchezaji mwingine. Na ukirushwa ukaingia moja kwa moja kwenye goli la wapinzani si bao, wao wanapiga goli kiki. Ukiingia kwenye goli lenu wenyewe ni kona.

Waonyeshe pia kwamba mstari ni sehemu ya uwanja. Mpira haujatoka mpaka uvuke mstari wote, uwe chini au hewani. Watoto wenye haraka huudaka ukiwa bado unatembea juu ya chokaa, na hiyo ni kunawa. Refa akipuliza hapo hana kosa.

Hatua ya 2: Miguu kabla ya mikono

Makosa mengi yanayopulizwa kwa watoto yanaanzia chini. Mguu wa nyuma unanyanyuka, au mtoto anaruka kidogo ili apate nguvu. Wafundishe mikao miwili.

Wa kwanza ni miguu sambamba, imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea. Visigino vinaweza kuinuka, vidole vibaki ardhini. Ndio mkao salama, na ndio ninaouanza kwa kila mtoto wa chini ya miaka 10.

Wa pili ni mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, na wa nyuma unaburutwa kwa ncha ya kiatu wakati wa kurusha. Hapa uwanja wa vumbi unakusaidia kuliko nyasi. Mwambie arushe, kisha mwende pamoja mkaangalie chini. Mguu ulioburutwa umeacha mchirizi, ulionyanyuka haukuacha kitu. Hakuna ubishi tena wa "Kocha, sikunyanyua." Baada ya raundi chache watoto wanakaguana wenyewe.

Kama timu yako ina wanaocheza pekupeku, usiwalazimishe huu mkao wa pili. Kuburuta vidole kwenye changarawe kunaumiza, na mtoto atanyanyua mguu kwa kujihami tu. Waache kwenye sambamba.

Waanze bila mpira kabisa: simama mstarini, peleka mikono nyuma ya kichwa, lete mbele, ganda. Kagua miguu. Mara kumi zinatosha, kisha wape mipira.

Hatua ya 3: Mikono

Vidole vitandazwe pande mbili za mpira, kidogo kuelekea nyuma yake, na vidole gumba vikaribie kugusana. Viwiko vikunjwe mpaka mpira uguse shingo kwa nyuma. Hiyo shingo ni alama nzuri kwa mtoto, kwa sababu "nyuma ya kichwa" kwake mara nyingi ni utosini. Kisha mikono yote miwili isukume kwa nguvu sawa na iendelee mbele baada ya kuachia.

Mpira ukitoka unazunguka kwa ubavu, ujue mkono mmoja ndio uliofanya kazi na mwingine umesindikiza. Kuzunguka peke yake si kosa kisheria, ila refa akiuona anaanza kuitilia shaka mikono. Dawa yake ni kumrudisha karibu, mita 4, arushe polepole.

Wasimame wawili wawili, mita 5 hadi 8. Dakika saba hivi, basi. Ukiona mtoto anashindwa, mara nyingi tatizo liko hatua ya 2.

Hatua ya 4: Mpira utue wapi mwilini

Mpira unaomfikia mwenzako ukiwa juu ya goti na chini ya shingo, huku unadunda, ni mzigo. Kwenye viwanja vyetu vyenye mashimo ni mzigo mara mbili, kwani hujui utadundia upande gani. Wafundishe shabaha mbili: mguuni moja kwa moja bila kudunda, au mbele ya anayekimbia. Kifuani iwe kwa wakubwa wanaojua kutuliza. Kichwani sipendi kwa watoto wadogo kabisa. Shirikisho la Soka la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige vichwa, na hata pasipo kanuni kama hiyo sioni sababu ya kumrushia mtoto wa darasa la tatu mpira wa uso.

Zoezi: mpokeaji anasimama mita 6 na kuonyesha kwa kidole mguu anaoutaka. Mrushaji aupate mguu huohuo. Utashangaa muda unaohitajika, na hapo ndipo wanapoanza kuelewa kuwa hii ni pasi.

Hatua ya 5: Wanaopokea

Mfanye kila mtoto ahesabu watu. Mrushaji akiwa nje, timu yake ina mtu mmoja pungufu ndani ya uwanja. Wapinzani wanaweza kumkaba kila mmoja na bado wakabaki na wa ziada. Kwa hiyo kusimama na kuita hakusaidii. Lazima watu watembee, na watembee kwa wakati mmoja.

Kwanza wape ishara. Mrushaji akiwa ameushika mpira kifuani, kila mtu yuko mbali na mahali anapotaka kupokelea. Mpira ukipanda juu ya kichwa, wanaanza kukimbia. Bila ishara hii watoto wanafika mapema, wanasimama, wanakabwa. Kocha usipulize filimbi wala kusema "Sasa!" Waache wasome mikono ya mwenzao, maana siku ya mechi wewe utakuwa upande wa pili wa uwanja.

Halafu wafundishe miendo mitatu, mmoja kwa kila mazoezi, usichanganye.

*Rudisha.* Mpokeaji anaanzia mita 10, anakuja kwa mshazari kuelekea kwa mrushaji, anapokea kwa ndani ya mguu na kuurudisha kwa mguso mmoja. Mrushaji naye, akishaachia tu, anaingia uwanjani kuupokea. Unafanya kazi kwa sababu macho ya mabeki yanafuata mpira na karibu hakuna anayemkaba mrushaji. Ugumu wake ni kwamba mtoto akirusha hubaki amesimama nje akitazama kazi yake. Weka koni hatua mbili ndani ya mstari: akirusha, aikimbilie.

*Pishaneni.* Wapokeaji wawili, mmoja mita 4 na mwingine mita 12, wote kandokando ya mstari. Ishara ikitoka, wa karibu anakimbia kwenda mbali na wa mbali anakuja karibu. Wapite bega kwa bega bila kumgonga beki, kwa kuwa kumzuia mtu njia ni faulo. Watoto wanaokaba hapa huchanganyikiwa: wote wawili wanamfuata mmoja, au wanagongana wao kwa wao. Mrushaji achague aliye huru, na ikiwa wote wamekabwa aangalie kati ya uwanja.

*Njoo, uondoke.* Mpokeaji anakuja hatua mbili tatu kama mwenye njaa ya mpira, beki anamfuata, kisha anageuka ghafla na kukimbia nyuma ya beki sambamba na mstari. Mpira unarushwa juu ya beki utue mbele yake. Na hapa wape siri ambayo hata baadhi ya watu wazima wa mtaani hubishana nayo: hakuna kuotea anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha. Straika wako anaweza kusimama nyuma ya mabeki wote na kibendera kisiinuke. Beki anayeinua mkono kuomba kuotea amekupa nafasi ya bure.

Kila mwendo uanze bila mpinzani, kisha weka mabeki wanaotembea, kisha waache wakabe kweli. Usiharakishe kufika hatua ya mwisho. Mwendo ukivunjika, ondoa beki mmoja na uendelee.

Hatua ya 6: Mko wapi uwanjani

Karibu na goli lenu, msirushe kuelekea katikati mbele ya goli. Rusheni kandokando ya mstari, au mrudishieni kipa, ila mkumbusheni kipa atumie miguu: tangu 1997 haruhusiwi kuudaka mpira aliorushiwa moja kwa moja na mwenzake, na adhabu yake ni faulo isiyo ya moja kwa moja, jirani kabisa na goli. Katikati ya uwanja kazi ni kubaki na mpira, hata ikibidi kurudi nyuma. Karibu na goli lao, "Njoo, uondoke" ndio silaha.

Hatua ya 7: Mchezo wenye sharti

Wanne kwa wanne, uwanja wa mita 30 kwa 20, magoli madogo. Kila mpira unaanza kwa kurushwa: kona, goli kiki, hata baada ya bao. Timu ikirusha na kufikisha pasi tatu bila kupokonywa inapata pointi moja. Bao ni pointi mbili. Arushe yeyote aliye karibu. Kwa watoto wa chini ya miaka 12 sitaki kuona mrushaji maalumu, wala beki anayekimbia uwanja mzima kuja kurusha. Wote wajifunze, na mpira urushwe haraka kabla wapinzani hawajajipanga.

Upande unaokaba una maagizo mawili tu: mkae upande wa goli lenu, na mmoja wenu amchunge mrushaji akiingia.

Vipi kuhusu kurusha mbali?

Watoto wataliuliza, na wazazi pia. Ni kweli linaleta mabao. Rory Delap, aliyewahi kurusha mkuki akiwa shuleni, aliifanya timu yake, Stoke City ya Uingereza, iogopwe. Novemba 2008 waliifunga Arsenal 2-1, na mabao yote mawili ya Stoke yalitokana na mipira yake ya kurusha. Lakini Delap alikuwa mtu mzima mwenye mgongo wa mtu mzima. Mtoto anayejikunja nyuma mara hamsini kwa siku unamtafutia maumivu ya kiuno na bega. Subiri mpaka miaka 15 au 16, na hata hapo idadi iwe ndogo. Usimpe mpira mzito wa mazoezi eti apate nguvu.

Mfano ninaoupenda ni Liverpool. Mwaka 2018 walimwajiri Mdenmaki Thomas Grønnemark kama kocha wa mipira ya kurusha, na wapo wachambuzi waliocheka. Msimu uliotangulia Liverpool walikuwa wa 18 kati ya timu 20 za Ligi Kuu ya Uingereza kwa kubaki na mpira wanaporusha wakiwa wamebanwa. Msimu uliofuata wakawa wa kwanza. Grønnemark mwenyewe aliwahi kushikilia rekodi ya dunia ya kurusha mbali, zaidi ya mita 51, lakini sehemu kubwa ya alichowafundisha ni kutengeneza nafasi na kuijaza.

Siku ya mechi

Mpe mchezaji wa akiba daftari. Kila mnaporusha aweke alama: pasi mbili zimefika, au mpira umepotea. Mapumziko mwangalie pamoja. Zilizopotea zikizidi nusu, mazoezi ya Jumanne yaanzie hatua ya 5. Hatua ya 3 rudini tu kama refa amewapuliza.