Somo: Kutengeneza trasirodi iliyokatika au kulika hesi kwenye shingo ya gitaa la umeme

Trasirodi, ile fimbo ya chuma iliyolazwa ndani ya shingo ili isipindwe na mvuto wa nyuzi, ni nadra kukatika katikati. Mara nyingi huharibikia mdomoni, kwenye sentimita moja au mbili za mwisho ambako nati inakaza kwenye hesi, yaani mikato ya kuzunguka kama ya skrubu. Kwa hiyo usianze kubandua ubao wa freti (ule wa juu ya shingo wenye vyuma vya kugawa noti) kabla hujajua tatizo liko wapi. Kazi nyingi humalizika bila kuugusa ubao huo.

Hatua ya 1: Tambua kilichoharibika

Legeza nyuzi zote, fungua nati mpaka itoke, kisha mulika ndani kwa tochi.

Nati ikitoka na kipande cha fimbo ndani yake, fimbo imekatika. Ukikuta unga au nyuzi za shaba zimejaa kwenye hesi, iliyolika ni nati, fimbo huenda ni nzima. Nati ikikaza vizuri lakini shingo haisogei, hesi imefika mwisho au mbao chini ya washa (pete bapa ya chuma) imebonyea. Na kama alenki (ufunguo wa pembe sita) ndiyo inayoteleza, tundu la nati limekuwa duara. Hilo husababishwa sana na kutumia alenki ya inchi 3/16 (milimita 4.76) kwenye tundu la milimita 5.

Hatua ya 2: Marekebisho mepesi kwanza

Tundu lililokuwa duara: gusisha nati kwa ncha ya chuma cha kulehemea waya dakika moja au mbili ili rangi na grisi iliyokauka ilainike. Kisha gonga taratibu biti ya nyota, T25 kwa tundu la milimita 4 au T30 kwa tundu la milimita 5, halafu fungua. Usimimine mafuta ya kulegeza kutu. Mbao inayanyonya, na gundi haitashika tena hapo.

Hesi iliyofika mwisho: ongeza washa moja au mbili za chuma, unene wa milimita 1 kila moja. Hesi ya 10-32 (kipenyo namba 10, hesi 32 kwa inchi), iliyozoeleka kwenye magitaa mengi ya Marekani, inasogea karibu milimita 0.8 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kila washa inakurudishia zaidi ya mzunguko mzima. Wanaoendelea kukaza bila washa ndio wanaokata fimbo: nati inagota pale hesi inapoishia, nguvu yote inageuka kuwa ya kusokota, na chuma kinakatikia kwenye mfereji wa hesi ya mwisho.

Hatua ya 3: Kukata hesi mpya

Hii ni kwa fimbo moja ya kawaida, yenye kipenyo cha milimita 4.76 hivi, iliyokatikia mdomoni.

Tafuta msumeno wa bomba wenye tundu la milimita 5 na kipenyo cha nje kisichozidi milimita 9.5. Uvishe juu ya fimbo, uzungushe kwa mkono, utoe mbao inayoizunguka. Toa vumbi kila baada ya milimita 2. Usizidi milimita 10 kwenda ndani, hasa kama nati iko upande wa kichwa. Pale ndipo shingo ilipo nyembamba kuliko kwingine, na kila milimita unayotoa inaidhoofisha.

Lainisha ncha ya fimbo kwa tupa, ipe mteremko kidogo ili dai, kifaa cha kukatia hesi, ianze ikiwa imenyooka. Dai ya kawaida ina kipenyo cha milimita 20 hivi, haiingii humo. Unahitaji ile nyembamba na ndefu ya mafundi wa gitaa. Paka nta badala ya mafuta. Zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, futa vyuma, endelea. Ukihisi dai imekuwa nyepesi ghafla, simama: ama hesi inachanika, ama fimbo yenyewe inazunguka ndani ya shingo kwa kuwa nanga yake ya upande wa pili imeachia. Fimbo ikizunguka, njia hii imefungwa, nenda hatua ya 5.

Pata hesi kamili zisizopungua 6, takriban milimita 5. Weka washa ya chuma pana kadiri tundu linavyoruhusu, kisha nati mpya ndefu ya shaba itakayotokeza nje ili spana iifikie.

Hatua ya 4: Ipe shingo msaada kabla ya kukaza

Usiiachie hesi mpya kazi ya kunyoosha shingo. Laza rula ya chuma au boriti iliyonyooka juu ya freti, weka vibao vidogo kwenye ncha mbili na klampu katikati nyuma ya shingo. Kaza klampu mpaka shingo ipinde kwenda nyuma kidogo sana, kama milimita 0.3, ndipo ukaze nati mpaka iguse na robo mzunguko zaidi. Toa klampu, funga nyuzi, tuni. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8: milimita 0.15 hadi 0.30 ni sawa. Rudi kupima kesho yake.

Hatua ya 5: Kubadilisha fimbo nzima

Kama imekatikia ndani au nanga imeachia, ubao wa freti lazima ubanduliwe. Ng'oa freti mbili, toboa vitundu vya milimita 1.5 ndani ya mifereji yao kwa ajili ya pini za kurudishia ubao mahali pake. Pasha joto kwa pasi, ingiza kisu chembamba butu kuanzia upande wa mwili. Vaa barakoa, na weka joto mbali na alama na kingo za plastiki kwa sababu nyingine zinashika moto. Shingo ya kipande kimoja, yenye mstari wa mbao nyuma, haina ubao wa kubandua: fimbo yake ilipitia nyuma, na hutolewa kwa kuondoa mstari huo.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nina nati ya M5 tu na imeingia vizuri kwenye fimbo ya 10-32. Niitumie?*

Hapana, ndugu. Umbali kati ya hesi na hesi unakaribiana mno (milimita 0.8 na 0.794), ndiyo maana inaingia. Lakini M5 ni pana zaidi, inashika ncha za hesi tu. Ukikaza itachana zote mbili.

*Habari fundi. Nimemaliza kazi, sasa shingo inalia zzz nikipiga baadhi ya noti.*

Fimbo imelegea na inagonga mfereji wake. Kaza mpaka nati iguse, ongeza kidogo, pima tena. Kama shingo inapinda nyuma kabla mlio haujaisha, panda saizi moja ya nyuzi.

*Mkuu, siwezi kumudu kazi hii kwa sasa. Naweza kupiga gitaa na fimbo ikiwa imekatika?*

Unaweza, kama shingo inakubali. Seti ya nyuzi ya 10-46 (unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa maelfu ya inchi) kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 25.5 inavuta karibu kilo 47. Ya 9-42 inavuta karibu kilo 39. Funga 9-42, iache siku mbili, pima. Nafasi ikibaki chini ya milimita 0.3, piga gitaa lako. Ikizidi 0.5 na kuendelea kukua, legeza nyuzi mpaka utakapopata vifaa.