Tangazo limeleta mgeni au halikuleta?

Nashughulikia tovuti za nyumba za wageni hapa Shela, Lamu, na swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba ni hili: mgeni akishakata shauri, anabofya wapi? Wengi hawajazi fomu, wanagusa kitufe cha WhatsApp. Ukipima fomu peke yake, Google Ads, yaani huduma ya matangazo ya Google, itakuonyesha sifuri na vyumba vimejaa.

Weka lebo ya Google, yaani kipande cha msimbo kinachofuatilia anachofanya mgeni kwenye tovuti, kwenye kila ukurasa. Kisha tengeneza vipimo viwili: ukurasa wa shukrani baada ya malipo, na kitufe cha WhatsApp. Cha kwanza kiwe kikuu, chenye thamani ya fedha. Cha pili kiwe cha ziada, maana kugusa si kulipa.

Hesabu zikikosekana, usibofye tangazo lako mwenyewe, utatozwa bure. Andika ?gclid=jaribio mwishoni mwa anwani ya tovuti (gclid ni alama ambayo Google huongeza kwenye anwani mtu anapobofya tangazo), fungua Tag Assistant, zana ya Google ya kukagua lebo, uende hatua kwa hatua kama mgeni. Gclid ikitoweka mara tu ukurasa wa mwanzo unapofunguka, huenda kuna uelekezaji, yaani anwani inayokuhamisha kwenda nyingine, unaoikata. Ikipotea kwenye lebo ukibonyeza “Weka nafasi”, huenda mfumo wa malipo uko kwenye kikoa (domain) kingine kisichounganishwa. Hili ndilo ninalolikuta zaidi, na linaumiza, kwa sababu mwenye nyumba huzima tangazo zuri akidhani halifai. Tia lebo pande zote mbili, uwashe upimaji wa kuvuka vikoa.

Hesabu zikizidi, huenda mgeni anaufungua upya ukurasa wa shukrani. Tuma namba ya oda kama kitambulisho cha muamala, haitahesabiwa mara mbili. Halafu ngoja hadi kesho yake ndipo usome ripoti.