Jinsi ya kujenga pergola na veranda kwenye nyumba za Mji wa Kale wa Lamu bila kuumiza kuta

Nyumba ya mawe ya Lamu hubeba mzigo kwa kuta zake nene za matumbawe na chokaa. Ukilishika hilo, kazi yote iliyobaki inajipanga yenyewe. Mimi ninapopandisha pergola, yaani fremu ya nguzo na pau za kuleta kivuli, kwenye nyumba hizi natafuta jambo moja: siku itakapoondolewa, ukuta ubaki kama nilivyoukuta.

Hatua ya 1: Kibali
Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Peleka mchoro, picha za nyumba na orodha ya vifaa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kwa kaunti, kabla hujanunua hata ufito mmoja.

Hatua ya 2: Mahali
Veranda na matao ni mapambo ya nyumba za ufukweni, zile zinazotazama bahari. Ndani ya mitaa hali ni nyingine: nyumba ina daka (kibaraza cha kuingilia) mlangoni na kiwanda (ua ulio wazi juu) ndani, na nje imefunga uso. Tafadhali usichomoze veranda juu ya kichochoro ambacho punda mwenye mzigo anapita kwa taabu. Huko kivuli kiwe kiwandani, au juu ya sakafu ya paa, nyuma kidogo ya ukingo ili kisionekane kutoka chini.

Hatua ya 3: Tafuta kuta
Hapa usiharakishe. Vyumba vya kale ni vyembamba, upana wa kama mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti ya mkoko haifai kuvuka zaidi ya hapo. Pima vyumba kwa ndani, kisha panda juu uchore kwa chaki mahali kila ukuta unapopita. Miguu yote ya pergola ikae juu ya michoro hiyo. Nguzo ikitua katikati ya chumba, uzito utaziangukia boriti zilizozeeka, na ufa wa kwanza utauona kwenye dari ya chumba cha chini.

Hatua ya 4: Vitako
Usitoboe sakafu. Chonga jiwe la matumbawe, zito na pana kuliko nguzo, ulilaze juu ya chokaa. Changanya chokaa iliyolowekwa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga uwe umeoshwa, usiwe na chumvi. Lowesha jiwe na sakafu kwanza, la sivyo vitanyonya maji ya chokaa na ikauke ikiwa unga. Ukimaliza funika kwa magunia mabichi, uyaloweshe kila asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Saruji iache kabisa. Matumbawe hupumua, saruji hufungia unyevu ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake, na ukuta unaanza kumeguka. Chuma cha kawaida nacho kikishika kutu huvimba na kupasua jiwe. Pini ya kuunganisha nguzo na kitako iwe ya chuma cha pua, na uache nafasi ya kidole kati ya mti na jiwe ili maji ya mvua yasilale hapo.

Hatua ya 5: Fremu
Nunua mikoko iliyokatwa kwa kibali, uulize stakabadhi. Nguzo nne, boriti juu yake, kisha pau zikipita kukingama. Simamisha kila nguzo kwa timazi, halafu weka mikono ya mshazari kwenye pembe zote, kwa pande zote mbili. Kusi ikivuma, mikono hiyo ndiyo inayozuia pergola kuyumba. Pau zifunge kwa kamba ya makumbi. Inabana vizuri, na kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja.

Hatua ya 6: Kivuli
Fito zilizopangwa kwa nafasi zinatosha: upepo unapita na jua linakatika. Mwenye nyumba akitaka makuti, paa liinuke nyuzi 45 au zaidi, vinginevyo maji hayateremki na makuti yanaoza. Mimi huwashauri fito, kwa sababu makuti hushika upepo, na nyumba zilivyosongamana moto hauna mpaka.

Hatua ya 7: Ukaguzi
Masika yakiisha, gonga kila nguzo kwa nyundo karibu na kitako. Sauti ikiwa butu, badilisha nguzo hiyo kabla kusi haijakolea.