SOMO: Kufuatilia ukuaji wa mjusi ndevu mchanga

Wakuu, habari za leo. Wengi mmeniuliza kuhusu hawa mijusi wenye ndevu ambao watoto wetu huku Marekani wanatung'ang'ania tuwanunulie. Asili yao ni maeneo kame ya ndani ya Australia, ingawa wa madukani wamezalishwa kwenye matanki. Mimi ninao wawili, Babu na Pilipili. Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga hakukanyaga chumba chao hata siku moja.

Mjusi huyu huanguliwa akiwa na sentimita 10 hivi na gramu 2 au 3 tu. Akifika mwaka na nusu ana sentimita 40 hadi 60, na gramu mia tatu na kitu au zaidi. Ila wewe unayemwona kila siku hutagundua akisimama kukua. Kwa hiyo tunapima.

Hatua ya 1: uzito. Mizani ya jikoni ya dijitali inatosha. Weka bakuli refu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mtie mjusi. Mpime asubuhi kabla hajala na kabla taa hazijampasha. Akiwa na baridi hutulia kama gogo, akishaota moto utamtafuta nyuma ya friji. Mara moja kwa wiki yatosha. Ukipima kila siku utajitia presha bure, maana choo kimoja tu kinabadilisha hesabu.

Hatua ya 2: urefu. Pima ncha ya pua hadi tundu la kinyesi, halafu pua hadi mwisho wa mkia. Usimvute, mlaze juu ya karatasi, weka alama za penseli, kisha pima karatasi. Kipimo cha kwanza ndicho cha kuaminika, kwa sababu mkia wa huyu ukikatika hauoti tena. Si kama mjusi kafiri wa kule nyumbani.

Hatua ya 3: daftari. Tarehe, uzito, urefu, alichokula, choo. Andika pia siku za kujivua gamba (sizungumzii siasa hapa), kwani siku hizo hula kidogo.

Hatua ya 4: kusoma daftari. Hapa ndipo penye kazi. Muuzaji alituambia wawili wanaweza kukaa tanki moja. Wiki ya tatu ya daftari Babu alikuwa na gramu 31, Pilipili 30. Wiki ya sita Babu 52, Pilipili 33! Na sisi tulikuwa tunawapiga picha Babu akiwa amemlalia mwenzake chini ya taa, watoto wanasema wanapendana. Kumbe alikuwa anamnyima joto. Nilipomgeuza Pilipili nikakuta kidole cha mguu wa nyuma kimeng'atwa, ncha haipo. Nikawatenganisha jioni ile ile. Wiki iliyofuata Pilipili alisoma 39.

MASWALI

*Mkuu, wangu ana miezi mitatu na uzito haujapanda wiki mbili. Nimtafutie vitamini?*
Subiri kwanza. Chukua kipimajoto: anapootea moto pafike nyuzi 40 hivi, upande wa pili pawe 25 hadi 28. Bila joto chakula hakisagiki tumboni. Halafu angalia taa ya UVB (ile ya miale kama ya jua) ina muda gani. Huendelea kuwaka huku miale imekwisha, mimi hubadilisha kila baada ya miezi sita. Yote yakiwa sawa, peleka choo kwa daktari anayewajua wanyama watambaao akiangalie minyoo.

*Nyenje wa kumlisha wawe wakubwa kiasi gani?*
Asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Wapake unga wa kalsiamu.

*Wangu uzito unapanda vizuri, lakini vidole vinatetemeka na taya limekuwa laini.*
Ndugu, funga simu umpeleke kwa daktari leo. Hiyo ni mifupa kukosa kalsiamu, na mizani haiwezi kukuonyesha.

*Mimi nina zamu za usiku. Mume wangu anaweza kunipimia?*
Uzito sawa, dada. Urefu apime mtu mmoja tu. Mke wangu na mimi tulipokezana, na kwa mujibu wa daftari Babu alifupika nusu sentimita.