Jinsi ya Kupima Kama Nadharia ya Kisayansi Inasonga Mbele: Kipimo cha Imre Lakatos

Anayetaka kujua iwapo nadharia inasonga mbele au imekwama asianze kwa kuuliza kama imewahi kukinzana na ushahidi, kwa kuwa hakuna nadharia kubwa isiyo na mambo inayoshindwa kuyaeleza. Imre Lakatos, mwanafalsafa mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha London School of Economics hadi alipofariki mwaka 1974, alishauri tupime mpango mzima wa utafiti, yaani mfululizo wa nadharia zinazorithishana kiini kimoja.

Kwanza, tenganisha kiini na ukanda wa kinga. Kiini ni madai ambayo watafiti wameazimia kutoyagusa. Kwa Newton, ni sheria tatu za mwendo pamoja na sheria ya mvutano. Ukanda wa kinga ni dhana saidizi, kama vile idadi ya sayari zilizopo, ambazo hurekebishwa hesabu zinapokataa.

Kisha chunguza marekebisho yenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Sayari ya Uranusi ilipokwenda kinyume na hesabu, mwanaastronomia Mfaransa Urbain Le Verrier hakuitupa sheria ya mvutano. Alidai kuwa inavutwa na sayari isiyojulikana, akakokotoa mahali ilipo, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 mwanaastronomia Johann Galle akaiona akiwa Berlin, pungufu ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Ndiyo Neptuni. Mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo alitangaza kasoro katika mzunguko wa Utaridi, na maelezo aliyoyatoa yakazaa sayari ya kubuniwa karibu na Jua, iliyoitwa Vulcan, ambayo haikupatikana kamwe. Mbinu ilikuwa ileile. Kwa hiyo usihukumu mbinu. Uliza maswali mawili: je, marekebisho yametabiri jambo jipya, na je, walau sehemu ya utabiri huo imethibitika? Neptuni ilifaulu yote mawili, Vulcan la kwanza tu. Mpango ambao kazi yake imebaki kutafuta maelezo baada ya kila tukio, bila kutabiri lolote, umeanza kudidimia.

Usitoe hukumu kwa pupa. Kasoro ya Utaridi ilisubiri hadi mwaka 1915, Albert Einstein alipoieleza kwa nadharia yake mpya ya mvutano, iitwayo nadharia ya jumla ya uhusianifu, yenye kiini kingine kabisa, na sioni kwamba wanaastronomia walioendelea kumshikilia Newton katika miaka hiyo walikuwa wajinga. Paul Feyerabend, rafiki na mpinzani wa Lakatos, alilalamika kwamba kipimo kisicho na muda maalumu hakimzuii mtu yeyote kufanya lolote. Hoja hiyo ina uzito, lakini haikifanyi kipimo kuwa bure, mradi utunze kumbukumbu ya kila utabiri, tarehe uliyotolewa na matokeo yake, pamoja na ule ulioshindwa.

Mwisho, tafuta mshindani. Ikiwa hakuna mpango mwingine unaoeleza yale yaliyokwisha kuelezwa na kuongeza utabiri wake uliothibitika, usiutupe wa zamani bado.