Ufito wa kumvulia wolai kwa jigi la wima

Wolai (Sander vitreus), samaki wa maji matamu wa Amerika Kaskazini, halivamii jigi, yaani ndoano yenye kichwa kizito, kwa fujo. Maji yakiwa baridi hulifyonza kidogo, akalitema. Kwa hiyo ninapotafuta ufito wa kumvulia Mto Detroit, mpakani mwa Marekani na Kanada, majira ya kuchipua, naanza na ncha. Iegemeze kwenye dari la duka, usukume polepole: robo ya juu ipinde, sehemu iliyobaki ibaki ngumu. Ukipinda wote kama upinde, uache.

Chukua wa grafiti. Faiba ya glasi ni imara, lakini inameza ule mtetemo mdogo ambao ndio habari yote unayoingoja. Urefu wa futi 6 unatosha kabisa, maana mshipi unashuka wima ubavuni mwa boti na hurushi mbali.

Soma maandishi yaliyo juu ya mpini. Mkondo wa Detroit unadai jigi la gramu 14 hadi 21. Ufito uliotengenezewa gramu 7 utainamishwa na jigi lenyewe, nawe hutajua kama limegusa chini au limeguswa na samaki.

Mpini uwe mfupi. Wangu wa kwanza ulikuwa mrefu, ukanasa kwenye jaketi langu la kuokolea maisha wakati nanyanyua, na wolai mkubwa akaniponyoka. Bado naumia nikimkumbuka.

Pitisha pamba ndani ya kila pete ya kupitishia mshipi. Ikikwama, pete ina ufa na itakata mshipi. Mwisho funga rili yako, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, hapohapo dukani, ushike ufito kwa vidole viwili mbele ya rili. Ncha ikizama sana, mkono utachoka kabla ya saa sita mchana.